Koti la Mwana wa Mfalme

Jumatano, 1 Agosti 2018

Nimesuka vichwa vinne leo. Wa mwisho alikuja na picha ya mwanamke mwingine kwenye simu, akataka atoke vilevile. Saa tano nzima nimesimama. Vidole ganzi. Baridi ya Johannesburg inapanda ngazi yenyewe mpaka ghorofa ya pili, na hita inapasha miguu ya Maman Chantal peke yake. Ni haki yake, saluni ni yake.

Ndiye aliyeleta habari. Mkongo huyu wa Bukavu hajui kunong'ona. Kasema mbele ya wateja wote: Prosper anaoa. Kampata Kanini, yule Mkenya wa benki anayekaa safu ya pili kanisani. Sherehe ya uchumba ni Jumamosi ya tarehe 25.

Prosper ndiye aliyeniacha mwaka jana. Nimeliandika jina lake. Nimekaza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Ijumaa, 3 Agosti

Niliandike hili mara moja, nisilirudie.

Miaka miwili nilikuwa wake. Aliambia kila mtu hapa kwamba yeye ni mwana wa mwami, mtawala wa milima fulani huko Kivu, na kwamba ugomvi wa nyumba ya kifalme ndio uliomleta kuuza simu karibu na Park Station. Kanisani wanamwita Mwana wa Mwami. Mimi nilimwita hivyo kwa mapenzi. Nikiwaza hilo natamani kujizaba kofi.

Juni mwaka jana alikuwa aje Kigoma na wazee wake kujitambulisha kwa mama yangu. Nilitangulia. Mama alipaka nyumba chokaa. Aliazima viti vya parokia. Mbuzi wawili. Ndugu walitoka Kasulu tangu alfajiri. Tukangoja. Saa kumi jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Nyumba ya baba yangu haikubali msusi. Nisamehe." Nikausoma nimesimama nyuma ya jiko. Nikaenda kumwambia Mama.

Hakulia. Alivua kilemba, akakikunja, akaanza kuwapakulia majirani kwa mkono wake. "Karibuni, kuleni." Mmoja mmoja. Tangu siku ile haendi jumuiya, haendi sokoni, anamtuma mdogo wangu.

Namchukia Prosper. Kwa ajili ya Mama. Sawa, na kwa ajili yangu.

Jumapili, 5 Agosti

Kanisani. Wengine huniuliza kwa nini sihami. Kanisa liko kwenye jengo kuukuu katikati ya mji, palipokuwa duka la samani, na mimi nilipanda ngazi zile kabla Prosper hajazijua. Ahame yeye.

Baada ya ibada akasimama Mutua, kaka yake Kanini. Anafundisha mambo ya filamu chuo kikuu. Mpole, miwani imefungwa waya. Kwa sherehe ya dada yake ataonyesha filamu ya zamani, ya karibu miaka mia, vichekesho vya mapenzi vya mwana wa mfalme. Prosper mwenyewe kaichagua. Bila shaka! Haina sauti. Katikati ya picha hutokea kadi zenye maandishi, na maandishi ni ya Kijerumani. Anatafuta mtu wa kuitia maneno ya Kiswahili ukumbini, watu wakitazama.

Maman Chantal akapaza jina langu. Runinga ya saluni imekufa spika tangu Pasaka, na mimi ndiye ninayewasemea watu wa kwenye tamthilia wakati nasuka. Wateja hucheka mpaka nawaomba watulie. Niliurithi ufundi kwa mjomba. Alikuwa mtafsiri kwenye banda la video kule Kigoma, na sauti ikimkauka mimi ndiye niliyesema maneno ya wanawake.

Prosper akageuka, akanitazama kama unavyomtazama paka wa nyumbani. "Mumuache aseme. Iko na sauti muzuri."

Nikakubali. Nimejiambia sijui kwa nini. Najua sana.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya hapa Afrika Kusini, saluni imefungwa. Nilikwenda kwa Mutua kuitazama filamu. Mkewe alileta chai na mihogo, akakaa nasi, akacheka mwanzo mpaka mwisho.

Mwana wa mfalme wa nchi ndogo ya Ulaya anatakiwa kumwoa binti mfalme asiyemjua. Anatoroka. Njiani anabadilishana nguo na mhudumu wa hoteli, anakwenda kufanya kazi kwenye duka la kofia. Binti mfalme naye katoroka, kavaa nguo za kijakazi, yuko dukani humo humo anafagia. Wanapendana bila kujuana. Masharubu ya bandia yanaangukia kwenye supu. Hayo ndiyo watu watakayoyapenda.

Mimi nilimpenda yule mhudumu. Amevaa koti la mwana wa mfalme lenye vifungo vinavyong'aa, watu wanamwinamia barabarani, akaona raha. Anahamia ikulu. Anagoma kulirudisha. Ana kidevu cha Prosper, kinachotangulia mbele ya uso. Kuna mpishi mzee wa ikulu anayemtilia mashaka, anamfuata na mwiko mkononi. Midomo yao inacheza muda mrefu, halafu kadi moja tu: "Supu imepoa."

Mutua akasema, "Usijifunge na kadi. Sema kile unachoona. Watu wanataka kucheka."

Maskini. Hajui anampa nani kipaza sauti.

Jumapili, 12 Agosti

Prosper kaja na mzee. Kamwongoza mpaka mbele, kamshika bega kwa ncha za vidole. Kasema huyu ni Mzee Zakaria, mtumishi wa miaka mingi wa baba yake, ametumwa na Mwami kuleta baraka za ndoa kwa sababu Mwami mwenyewe ni mgonjwa. Kanisa likapiga makofi. Mzee akainama. Suti kubwa mno, mikono imefunikwa mpaka kwenye vidole.

Kisha Prosper akamwachia Biblia yake, koti lake na mfuko wa Kanini, akaenda kupiga picha. Mzee akabaki amebeba.

Jumatano, 15 Agosti

Leo nimepewa silaha. Sikutafuta.

Mzee Zakaria aliletwa asubuhi kunyolewa. Alikaa mbele ya kioo, shuka la kinyozi begani. Mume wa Maman Chantal, ambaye ndiye kinyozi, alikuwa kaenda kufuata viwembe. Nikamnyoa mimi. Mzee msafi, mwenye aibu. Alinisimulia kazi yake: miaka thelathini na moja jikoni kwa Mwami. Anajua mchuzi upi Mwami huurudisha. Nilipomaliza akatoa simu ndogo. Hajui kuandika. Akaniomba nimwandikie mkewe.

"Andika: Mama Prosper, nimefika. Mutoto wetu iko muzuri. Amenenepa."

Kidole changu kikasimama juu ya kitufe.

Nikamtazama kwenye kioo. Masikio yale yale. Kidevu kile kile, kwake kimeshuka kwa uzee. Naye akaniona nimejua. Akanishika mkono wenye simu.

"Binti yangu. Niko baba yake. Ni mimi nilikubali. Bibi-arusi iko mutu wa benki, baba mupishi atawapatisha haya. Acha nibebe mifuko, aoe, nirudi kwetu. Usiseme kwa watu."

Nikamaliza kuandika ujumbe. Nikautuma. Kuahidi sikuahidi.

Basi nyumba ya baba yake ilikuwa jiko. Nyumba isiyokubali msusi! Mama yangu alivua kilemba kwa ajili ya jiko la watu. Nimecheka peke yangu kwenye teksi, hizi daladala za huku, mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Jumamosi, 18 Agosti

Prosper kaja mpaka mlangoni pa saluni. Mwaka mzima hajapanda ngazi hizi. Hakuingia. Manukato yaliingia.

"Dafroza, siku ya fête ya uchumba usilete mambo."

Nikaendelea kusuka. Nikamwuliza mzee anaendeleaje. Macho yakamruka kidogo. Akasema watumishi hawakosi kuumwa miguu. Akashuka.

Angesema tu "mzee anaendelea vizuri". Angesema hivyo, pengine ningelegea. Sasa basi.

Ijumaa, 24 Agosti

Mazoezi na Mutua ukumbini. Nimefanya toleo la adabu, lenye supu na masharubu. Kafurahi. Toleo langu liko kichwani.

Namfikiria mzee alivyonishika mkono. Sitaki kumfikiria. Nisipotaja jina sitakuwa nimesema kwa watu, nitakuwa nimesema filamu. Najua huo ni ujanja. Natumia ujanja.

Jumamosi, 25 Agosti

Imekwisha. Niandike kwa mpangilio.

Saa nane mchana. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu kama mia, watoto chini mbele. Prosper na Kanini kwenye viti viwili vyenye vitambaa vya dhahabu. Mzee Zakaria mwisho kabisa, karibu na mlango, kwenye benchi lenye mifuko na makoti ya watu. Mutua akawasha projekta. Mtu akapiga kinanda polepole.

Nikaanza. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani. Masharubu yakaanguka kwenye supu, nikamwambia mfalme hiyo ni nyama, asiogope. Mama mmoja akalia kwa kucheka. Dukani nikampa binti mfalme sauti ya Maman Chantal, na Maman Chantal ndiye aliyecheka kuliko wote. Hata Kanini alijifunika uso. Prosper alikaa kama picha ya kwenye sarafu.

Akaingia mhudumu ndani ya koti. Nikampa Kiswahili cha Prosper, ile "muzuri" yake, ile kuinua kidevu kabla ya neno. Watu wakaanza kugeukiana. Nikasema, "Mimi niko mwana wa mwami. Musiniguse, nanukia." Ukumbi ukapasuka.

Kisha mpishi na mwiko wake. Midomo ikacheza. Nikashusha sauti, nikasema kama alivyosema Mzee Zakaria kwenye kiti cha kunyolea:

"Mwanangu. Ni mimi baba yako. Nimetoka mbali. Acha nibebe mifuko, uoe, nirudi kwetu."

Walicheka kidogo, wa mbele. Halafu kicheko kikaisha kama maji yaliyofungwa bombani. Kichwa kimoja kikageuka nyuma, kikafuata kingine, mpaka watu wote wakawa wanatazama benchi la mifuko.

Prosper akasimama. "Zimeni! Zimeni hii kitu!"

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Keti, mtukufu. Kule Kigoma walikungoja kutwa nzima. Nawe ngoja dakika kumi."

Hilo halikuwemo kwenye toleo lolote. Lilitoka lenyewe.

Kanini aliinuka. Alipita katikati ya viti taratibu, na gauni lake lile la kijani, mpaka nyuma. Mwanga wa filamu ulimfika mgongoni. Akapiga goti mbele ya mzee, akamwuliza, na hata mimi kule mbele nilimsikia:

"Mzee, wewe ni nani wake?"

Mzee akamtazama. Akamtazama Prosper aliyesimama kule mbele. Akasema, "Niko mupishi tu, mama. Mupishi wa Mwami."

Kanini akageuka. Sote tukageuka kwa Prosper. Alikuwa na nafasi yote ya dunia. Neno moja tu. Akalamba midomo. Akatengeneza tai.

Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, na watu wakampisha njia kama zamani, ila bila kuinama.

Filamu iliendelea. Nikaweka kipaza sauti chini. Mwana wa mfalme na binti mfalme walibusiana ukutani bila sauti. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza imeisha? Mutua akafungua mablanketi.

Jumapili, 26 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimefua. Nimepiga pasi hata taulo.

Nilitaka aaibike, kaaibika. Kila ninayekutana naye hapa Jules Street anajua. Yule mama wa spaza, kiduka cha mtaani, kaniongezea nyanya mbili na kuninyooshea kidole gumba.

Ni tamu. Sitajidanganya kwamba si tamu.

Lakini ni yule mzee ninayemwona nikifumba macho, si Prosper.

Jumanne, 28 Agosti

Mzee kaja saluni. Peke yake, kwa miguu, kaulizauliza njia. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Nilikuomba," akasema.

Nikaanza kumweleza. Mama yangu, viti, mbuzi, ujumbe. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima niliandike. Akasema alichofanya mwanawe kwa mama yangu ni kibaya, na kwamba akifika kwake atamwambia mkewe, nao watajua la kufanya. Kisha akasema:

"Lakini Jumamosi ulivua nani nguo? Yeye ana miguu, alitoka. Mimi nilibaki pale na mifuko ya watu. Nilikana mutoto wangu mbele ya kanisa. Sijawahi kufanya hiyo."

Maman Chantal alikuwa ameshika chanuo hewani.

Nikasema, "Nisamehe, baba."

Akasema, "Bado." Akashuka ngazi akishika ukuta.

Nimesuka vibaya mchana kutwa. Mteja mmoja nimemfumua nikaanza upya.

Ijumaa, 31 Agosti

Mutua kapita kuchukua kebo aliyoiacha kwa Maman Chantal. Hakunilaumu, hilo ndilo baya. Kaniambia angependa ningemweleza mapema. Nikamwuliza angefanya nini. Akafikiri kweli. Akasema hajui.

Mzee anakaa kwao tangu siku ile. Kanini ndiye aliyemchukua, pamoja na mfuko wake wa plastiki. Anawapikia, hawawezi kumzuia. Watoto wa Mutua, ambao Kiswahili chao ni cha kusikia tu, wanamfuata jikoni wakimwita babu.

Jana Prosper alikwenda huko. Alisimama nje ya geti saa nzima, mbele ya majirani, hakubonyeza kengele. Mwishowe akaita. Si "mzee", si "Zakaria". Aliita "Papa". Mara tatu. Mutua anasema sauti ilikuwa ya mtoto aliyeanguka.

Mzee alizima jiko, akanawa mikono, akaenda kufungua.

Mimi nisingefungua. Naandika ukweli. Ningemwacha hapo ameshika geti mpaka achoke.

Nilimwuliza Mutua walisemezana nini. Kasema hakusikiliza. Wapole hawa wanachosha.

Jumamosi, 8 Septemba

Joto limerudi. Tumefungua madirisha, kelele za teksi zote ziko ndani.

Saa tatu asubuhi Kanini kaingia. Maman Chantal akainuka mwenyewe kumpokea, lakini akasema anamtaka Dafroza. Akakaa kwenye kiti changu. Nikamwuliza kama ni mtindo wa harusi. Nilijua ni swali baya, nikaliuliza.

"Hapana. Ya kazini tu. Mistari ya kurudi nyuma."

Nikachana. Nywele zake laini, ngozi ya kichwa nyepesi, ya mtu anayeumia upesi. Mzee aliondoka Jumatano, hilo alilisema yeye. Walimsindikiza wote mpaka basi, na Prosper ndiye aliyebeba mfuko. Harusi haina tarehe. Hajui kama itakuwa nayo.

Nikafika sikioni. Akasema, "Angeniambia tu. Mimi pia babangu alikuwa mpishi. Shule ya bweni, Machakos."

Nikasimamisha mikono.

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza. Alikuwa akiongea kuhusu yeye tu."

Sikujua kama ni halali kucheka. Yeye ndiye aliyeanza, kidogo, kwa pua. Nami nikafuata. Haikuwa furaha, na haikuchukua muda. Halafu akainamisha kichwa ili nipate nyuma ya shingo, pale panapouma kuliko kwingine. Nikapaka mafuta kwanza. Nikashika nywele chache chache.

"Ukiumia niambie."

"Sawa," akasema. Akafumba macho.